Nani Mwenye Mchezo? Dunia za Kuigiza Mtandaoni na Hatima ya Makusanyo ya Michezo ya Kompyuta

Mchezo wa kuigiza wa mtandaoni ni mchezo wa kompyuta ambamo kila mchezaji huvaa nafsi ya mhusika, humpa jina, sura na kazi, kisha humwongoza katika ulimwengu wa kubuni unaoshirikiwa na maelfu ya wachezaji wengine kwa wakati mmoja. Mkusanyo wa michezo, kwa upande wake, ni jumla ya michezo ambayo mtu ameipata kihalali na kuiweka katika diski zake, katika akaunti zake za maduka ya mtandaoni, au kote kuwili. Kwa mtazamo wa juujuu mambo haya mawili yanatofautiana, kwa kuwa la kwanza ni shughuli ya umati na la pili ni utunzaji wa mali ya mtu binafsi. Lakini historia yake inaonyesha kwamba yote mawili yamefungamana na swali moja, nalo ni nani mwenye mamlaka ya kuamua kwamba mchezo uendelee kuwapo. Uchambuzi huu unaeleza jinsi michezo hiyo ilivyoanza, jinsi inavyofanya kazi, jinsi umiliki wake ulivyogeuka kuwa ruhusa tu ya kutumia, na jinsi baadhi yake ilivyokufa na mingine ikafufuliwa. Hoja inayojengwa ni kwamba utaratibu wa sasa, unaomwachia mchapishaji mamlaka yote, haulingani na namna thamani ya michezo hii inavyozalishwa, kwa sababu sehemu kubwa ya thamani hiyo ni kazi ya wachezaji wenyewe.

Chimbuko na makuzi

Michezo hii ilianzia mezani kabla ya kuingia katika kompyuta. Mwaka 1974 nchini Marekani, Gary Gygax na Dave Arneson walichapisha Dungeons & Dragons, mchezo ambao kundi dogo la watu huketi pamoja, mmoja wao akisimulia mazingira na matukio, wengine wakisema wahusika wao wanatenda nini, na dadu zikiamua kama jambo linalojaribiwa litafaulu. Mwaka 1978 Roy Trubshaw, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Essex nchini Uingereza, alianza kuandika programu iliyoitwa MUD, ambayo mwenzake Richard Bartle aliiendeleza baadaye. Ndani yake hamkuwa na picha hata moja, bali maelezo ya maandishi ya vyumba, njia na hazina, na mchezaji aliandika amri fupi ili mhusika wake atembee, aokote kitu au apigane. Jipya lililoletwa na programu hiyo ni kwamba watu waliokaa mbele ya mashine mbalimbali waliweza kukutana mahali pamoja pa kubuni, wakasaidiana au wakahujumiana, na mahali hapo hapakutoweka mmoja wao alipoondoka.

Bartle huyohuyo alichapisha mwaka 1996 uainishaji wa wachezaji ambao wasomi wa fani hii wanaurejelea hadi leo. Aliwagawa katika makundi manne, yaani wanaotafuta mafanikio na vyeo, wanaotaka kuichunguza dunia na kuvumbua siri zake, wanaotafuta maingiliano na watu, na wanaofurahia kuwashinda na kuwasumbua wengine. Uainishaji huo una uzito katika swali la umiliki, kwa sababu makundi mawili ya mwisho hayawezi kupata chochote katika mchezo usio na watu, hata kama programu yake ni nzima na inafunguka bila hitilafu.

Biashara kubwa ilianza katika miaka ya 1990. Meridian 59 ilitoka mwaka 1996 na Ultima Online mwaka 1997, zote zikiwa na picha na zikilipiwa ada ya kila mwezi. Lineage ya mwaka 1998 ilienea nchini Korea Kusini kwa kusaidiwa na vibanda vya kompyuta ambako vijana walilipia kwa saa, EverQuest ya mwaka 1999 ilipata wafuasi wengi Marekani, na RuneScape, iliyozinduliwa mwaka 2001, ilifungua mlango kwa wasio na mashine zenye nguvu kwa kuwa ilichezwa ndani ya kivinjari cha intaneti. Kilele kilifikiwa na World of Warcraft, iliyozinduliwa Novemba 2004, ambayo kampuni yake ilitangaza mwaka 2010 kuwa imepita wateja milioni 12 wanaolipa.

Mchezo wenye nusu mbili

Ili kuelewa ugumu wa kuumiliki mchezo wa aina hii, inafaa kueleza umbo lake la kiufundi. Mchezo wa mtandaoni una nusu mbili. Ya kwanza ni programu inayosakinishwa katika kompyuta ya mchezaji, ambayo hubeba picha, sauti na vidhibiti. Ya pili ni seva, yaani kompyuta ya kampuni ambamo ulimwengu wenyewe unaendeshwa. Mchezaji anapobonyeza kitufe ili mhusika wake apige panga, programu yake hutuma ombi tu, na seva ndiyo inayoamua kama adui yuko karibu, ameumia kiasi gani na ameangusha hazina ipi. Mhusika mwenyewe, pamoja na silaha alizozipata kwa miezi ya jitihada, ni kumbukumbu katika hifadhidata ya kampuni, wala hakuna sehemu yake yoyote inayokaa kwa mchezaji isipokuwa taswira iliyoko kwenye kioo.

Mpangilio huo una sababu nzuri, kwani kama kila kompyuta ingejiamulia matokeo, wadanganyifu wangejipa dhahabu na nguvu wanavyotaka, na ushindani wa haki usingewezekana. Matokeo yake, hata hivyo, ni kwamba mtu aliyenunua diski ya mchezo huo na kuitunza kwa uangalifu mkubwa anamiliki nusu isiyoweza kusimama peke yake, na siku seva inapozimwa, diski hiyo hubaki na picha za mahali ambapo hapaingiliki.

Thamani inayozalishwa na wachezaji

Kinachofanywa na wachezaji ndani ya dunia hizo kimewavutia wachumi na wataalamu wa afya. Mwaka 2001 mwanauchumi Edward Castronova alichunguza Norrath, ulimwengu wa EverQuest, kwa kufuatilia bei ambazo wachezaji waliuziana vitu na wahusika kwa dola halisi, na akakadiria kwamba pato la wastani la kila mkazi wake wa kubuni lilikaribiana na lile la Urusi ya wakati huo. Miaka michache baadaye kampuni ya CCP ya Iceland, yenye mchezo wa anga uitwao EVE Online, ilimwajiri mwanauchumi, Eyjólfur Guðmundsson, ili afuatilie bei, uzalishaji na biashara katika dunia hiyo, ambako karibu kila meli huundwa na wachezaji kutokana na madini yaliyochimbwa na wachezaji. Mwezi Januari 2014, baada ya muungano mmoja wa wachezaji kushindwa kulipa ada ya umiliki wa eneo, vilizuka vita vilivyohusisha watu zaidi ya 7,000 na kuteketeza meli ambazo thamani yake ilikadiriwa kuwa dola 300,000 hivi za Kimarekani.

Mfano wa pili ulitokea Septemba 2005 katika World of Warcraft. Zimwi mmoja wa mchezo huo alipewa uwezo wa kuwaambukiza washambuliaji wake ugonjwa wa damu uliokusudiwa kubaki katika uwanja wake wa vita, lakini wanyama wanaofugwa na wachezaji waliubeba hadi mijini, wahusika dhaifu wakafa kwa wingi, na watu wakaanza kutenda kwa namna ambayo hakuna mbunifu aliyeipanga, kwa kuwa wengine walikimbilia nyikani, wengine walijitolea kuwatibu wagonjwa, na wengine waliusambaza kwa makusudi. Mwaka 2007 tukio hilo lilijadiliwa katika majarida ya kitabibu kama kielelezo cha tabia za binadamu wakati wa mlipuko, hasa kwa sababu hesabu za kawaida za magonjwa hazioneshi kwa urahisi udadisi wa mtu anayekwenda kuangalia hatari kisha akarudi nyumbani na maradhi.

Mifano hii inathibitisha kwamba mchapishaji hutoa jukwaa na kanuni, ilhali uchumi, vyama, urafiki, uhasama na historia hutolewa na wachezaji. Chama, kwa maana ya michezo hii, ni kundi la kudumu la wachezaji wenye viongozi, hazina ya pamoja na ratiba ya mapambano. Kukiongoza kunahitaji subira, uadilifu katika kugawa hazina na uwezo wa kusuluhisha magomvi, na baadhi ya watu hudumu katika vyama hivyo kwa miaka mingi. Kazi hiyo ni halisi, lakini haitajwi popote katika mkataba ambao mchezaji huukubali kwa kubonyeza kitufe.

Mkusanyo: kutoka diski hadi leseni

Mabadiliko makubwa katika ukusanyaji wa michezo yalikuja na Steam, huduma ya kampuni ya Valve iliyoanzishwa Septemba 2003. Mwaka uliofuata mchezo wa Half-Life 2 ulitolewa kwa sharti kwamba hata aliyenunua diski dukani lazima aisajili katika akaunti ya Steam kabla ya kucheza, na tangu hapo uzito wa ununuzi ulihama kutoka kwenye kitu kinachoshikika hadi kwenye akaunti. Manufaa yake hayakanushiki, kwani mnunuzi hapotezi diski, hupata masasisho bila kuhangaika, na huweza kupakua michezo yake upya anapobadilisha kompyuta. Lakini anachonunua ni leseni, yaani ruhusa ya kutumia chini ya masharti, na masharti hayo kwa kawaida humkataza kuiuza au kumhamishia mtu mwingine akaunti, ndugu akiwemo.

Sheria imekuwa ikiyumba juu ya jambo hili. Mwaka 2012 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua, katika shauri lililoihusu kampuni ya Oracle, kwamba aliyenunua leseni ya kudumu ya programu anaweza kuiuza tena. Mwaka 2019 mahakama ya Paris ilifuata mwelekeo huo kuhusu michezo ya Steam, kufuatia shauri la chama cha watumiaji cha UFC-Que Choisir, lakini mwaka 2022 mahakama ya rufaa iliutengua uamuzi huo. Jimbo la California nchini Marekani lilichukua njia nyingine kwa kutunga mwaka 2024 sheria, iliyoanza kutumika 2025, inayowataka wauzaji wa bidhaa za kidijitali wamweleze mnunuzi waziwazi kwamba anapata leseni. Sheria hiyo haimwongezei mnunuzi haki mpya ya kumiliki, ila inamwondolea udanganyifu, na hilo si jambo dogo.

Kwa kuzingatia hali hii, kazi ya kutunza mkusanyo huanza kwa kuipanga michezo kulingana na kile kinachoitegemeza. Kundi la kwanza ni michezo inayojitosheleza, ambayo ikishapakuliwa inasakinishwa na kuchezwa bila kuomba idhini ya mtu. Duka la GOG, lililoanzishwa Poland mwaka 2008, limejijengea jina kwa kuuza michezo ya namna hii isiyo na kufuli za kidijitali. Kundi la pili ni michezo inayochezwa na mtu mmoja lakini hudai kuthibitishwa na akaunti, angalau mara ya kwanza. Kundi la tatu ni dunia za mtandaoni, ambazo haziwezi kabisa kutenganishwa na seva. Mkusanyaji asiyetofautisha makundi haya hutumia nafasi na fedha kuhifadhi kisichohifadhika, huku akiacha bila nakala kile ambacho angeweza kukiokoa.

Kwa michezo ya kundi la kwanza, utunzaji mzuri ni kupakua faili za usakinishaji, kuziweka katika diski mbili zilizo mahali pawili tofauti, na kuzijaribu mara kwa mara, kwa kuwa nakala isiyojaribiwa haitofautiani sana na nakala isiyokuwapo. Kwa kundi la pili, kinacholindwa kwanza ni akaunti yenyewe, kwa nenosiri lisilotumika kwingine na uthibitisho wa hatua mbili, maana akaunti moja iliyoibwa inaweza kuondoka na ununuzi wa miaka kumi. Orodha ya jumla nayo ni ya lazima kwa aliyenunua katika maduka kadhaa. Programu huria kama Playnite huiunganisha michezo ya Steam, GOG, Epic na kwingineko katika katalogi moja inayoonyesha kilichosakinishwa, kilichomalizwa na kilichosahauliwa. Katalogi hiyo ina faida ya kimaadili pia, kwa sababu humwonyesha mnunuzi wingi wa michezo ambayo hajaifungua, na kumtahadharisha na mauzo ya punguzo yanayogeuza ukusanyaji kuwa ulimbikizaji.

Kuwa na diski hakutoshi kama mashine imebadilika. Matoleo ya Windows ya biti 64 hayaendeshi programu za biti 16 za miaka ya 1990, na Windows 10, iliyotoka mwaka 2015, iliacha kukubali SafeDisc, kufuli ya zamani ya kuzuia unakili, hivyo michezo mingi yenye diski halali ikakataa kufunguka. Dawa yake imetoka kwa wajitoleaji walioandika programu zinazoiga mashine za zamani, kama DOSBox inayoiga kompyuta za enzi za DOS, na ScummVM inayoendesha upya michezo ya hadithi ya enzi hizo. Hata maduka huzitumia programu hizo katika kuuza michezo ya kale, jambo linalodhihirisha kwamba kazi ya uhifadhi iliyofanywa na wapenzi wa michezo ndiyo iliyokuwa msingi wa biashara iliyofuata.

Kufungwa, kubadilishwa na kufufuliwa

Ukubwa wa upotevu umepimwa. Mwaka 2023 taasisi ya Video Game History Foundation ilitoa utafiti ulioonyesha kwamba asilimia 87 ya michezo ya zamani iliyotolewa Marekani kabla ya 2010 haipatikani tena sokoni. Dunia za mtandaoni ziko katika hatari kubwa zaidi, kwa sababu hazipotei kwa kusahauliwa polepole bali kwa tangazo lenye tarehe. Star Wars Galaxies ilifungwa Desemba 2011 baada ya miaka minane, na City of Heroes ilifungwa Novemba 2012 ingawa wachezaji wake walipinga kwa bidii. Tena mchezo unaweza kufa bila kufungwa, kwani Star Wars Galaxies ilifumuliwa Novemba 2005 kwa sasisho lililofuta kazi nyingi za wahusika, na waliokuwa wamejenga maisha yao ya mchezo juu ya kazi hizo waliamka wakaikuta dunia nyingine chini ya jina lilelile.

Ufufuaji umefuata njia tatu. Ya kwanza ni ile ya kampuni yenyewe kurudisha toleo la zamani: kampuni ya Jagex ilifungua Old School RuneScape mwaka 2013 kwa kutumia nakala rudufu ya Agosti 2007 baada ya kuwapigisha kura wachezaji. Ya pili ni ya seva zisizo rasmi, kama Nostalrius iliyoendesha toleo la awali la World of Warcraft hadi ilipofungwa mwaka 2016 kwa shinikizo la kisheria. Miaka mitatu baadaye kampuni ya Blizzard ikazindua World of Warcraft Classic, na kwa kitendo hicho ikakubali kwamba hitaji lililohudumiwa na wajitoleaji lilikuwa la kweli. Ya tatu ni ya maridhiano, ambamo City of Heroes ni mfano bora, kwani mwaka 2024 kundi la Homecoming, lililokuwa likiuendesha mchezo huo bila idhini, lilipewa leseni rasmi. Meridian 59 nayo ilitolewa msimbo wake kwa umma mwaka 2012, na bado inachezeka.

Wachapishaji wana hoja zinazostahili kusikilizwa. Seva hugharimu umeme, matengenezo na ulinzi. Muziki, chapa na programu za kampuni nyingine huwa na leseni zenye ukomo. Na hifadhidata za wachezaji zina taarifa za siri ambazo haziwezi kukabidhiwa kwa yeyote. Hoja hizo zinathibitisha kwamba kampuni haiwezi kulazimishwa kuendesha seva milele, lakini hazithibitishi kwamba ina haki ya kuhakikisha hakuna mwingine atakayeendesha. Kampeni ya Stop Killing Games, iliyoanzishwa na Ross Scott mwaka 2024 baada ya kampuni ya Ubisoft kuzima mchezo wa magari wa The Crew, imeshikilia tofauti hiyo hasa, ikidai kwamba mchezo uliouzwa uachwe katika hali ya kuchezeka huduma inapokoma, na mwaka 2025 ombi lake kwa Umoja wa Ulaya lilipita sahihi milioni moja. Nchini Marekani, mamlaka ya hakimiliki iliruhusu mwaka 2018, kwa masharti, makumbusho na maktaba kuendesha ndani ya majengo yao michezo ya mtandaoni iliyoachwa. Ruhusa hiyo ni finyu, lakini inakiri kwamba dunia ya mchezo ni urithi.

Hata seva ikiokolewa, jamii iliyokuwamo hairudi. Henry Lowood wa Chuo Kikuu cha Stanford amesisitiza kwamba kuhifadhi programu ya ulimwengu wa mtandaoni si sawa na kuhifadhi historia yake. Kwa hiyo picha za skrini, video za mapambano, katiba za vyama na kumbukumbu za mazungumzo, ambazo mkusanyaji wa kawaida huzifuta ili kupata nafasi, ni sehemu halali ya mkusanyo, na mara nyingi ndizo zenye thamani kubwa zaidi kwa mtafiti wa baadaye.

Nafasi ya Afrika Mashariki

Kwa mchezaji wa Mombasa, Dar es Salaam au Kampala, umbali wa seva ni sharti la kwanza la mchezo. Kabla ya 2009 mawasiliano ya kimataifa ya ukanda huu yalitegemea sana setilaiti zilizo takribani kilomita 36,000 angani, na ishara ilichukua karibu nusu sekunde kwenda na kurudi. Mikongo ya baharini ya SEACOM na TEAMS mwaka 2009, kisha EASSy mwaka 2010, ilipunguza ucheleweshaji huo kwa kiasi kikubwa, na michezo ya kuigiza, ambayo mingi haidai wepesi wa michezo ya kufyatuliana risasi, ikawa inachezeka. Kucheza kwenyewe hutumia data kidogo. Gharama iko katika kupakua, kwani mchezo mmoja wa siku hizi unaweza kupita gigabaiti 100 na kumaliza bando kabla haujafunguliwa. Kutokana na hilo, nakala iliyohifadhiwa katika diski ya nje ina thamani kubwa zaidi hapa kuliko mahali ambapo intaneti haihesabiwi kwa gigabaiti. Kwa upande wa malipo, maduka haya yalijengwa kwa kudhania kwamba mnunuzi ana kadi ya benki, na kikwazo hicho kilipungua nchini Kenya mwaka 2022 kadi ya mtandaoni ya Visa ilipounganishwa na M-Pesa.

Wabunifu wa Afrika nao wameingia katika uwanja huu: Aurion, mchezo wa kuigiza uliobuniwa na Kiro'o Games ya Kameruni kwa misingi ya hadithi za Kiafrika, uliuzwa kupitia Steam kuanzia 2016. Kazi ya namna hiyo huingia sokoni kupitia akaunti za maduka ya nje, na mustakabali wake hufuata maamuzi ya maduka hayo. Maktaba za taifa na vyuo vikuu vya ukanda huu, ambavyo vimejifunza kwa uchungu gharama ya kuchelewa kukusanya miswada na kanda za muziki, vinapaswa kuanza kupokea nakala za michezo, pamoja na msimbo wake inapowezekana, wakati walioitunga wangali hai na wanaweza kuieleza.

Hitimisho

Swali la nani mwenye mchezo halina jibu la mtu mmoja. Mchapishaji ana haki juu ya msimbo na picha alizozigharimia, mnunuzi ana haki juu ya kile alichokilipia kwa kuamini kuwa amenunua, na jamii ya wachezaji ina dai juu ya historia iliyoijenga kwa muda na akili yake. Kasoro ya utaratibu uliopo ni kwamba unaitambua haki ya kwanza peke yake. Marekebisho yanayohitajika si makubwa: mnunuzi aambiwe ukweli kabla ya kulipa, mchezo unapofungwa, njia ya kuuendesha iachwe wazi kwa walio tayari kubeba gharama, na taasisi za urithi zipewe ruhusa pana ya kuhifadhi. Hadi hayo yatakapotimizwa, mkusanyaji makini anayeweka nakala, anayepanga katalogi na anayetunza kumbukumbu za chama chake anafanya kazi ya umma ambayo sheria bado haijamkabidhi mtu mwingine yeyote, naye anastahili kulindwa na sheria hiyo badala ya kutiliwa shaka.